Saranda kwa treni: jinsi ya kushuka, kupanda, na kununua kuku bila kuachwa

Wengi Saranda wanaijua kwa dirishani tu, treni ya bara imesimama, akina mama na vijana wamejaa na mabeseni, kuku huyo kuku huyo, mayai, karanga, unanyoosha mkono unalipa, honi inalia mnaondoka basi. Leo naongea na wewe unayetaka kushukia pale au kupandia pale, maana hapo ndo watu wanapochanganyikiwa.

Saranda ipo wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, ukitoka Dodoma unapita Bahi kwenye majaruba ya mpunga ndo unaikuta kule mbele, karibu na ule ukuta wa Bonde la Ufa ambao treni lazima iupande ili ifike Manyoni. Unaweza kujiuliza kwa nini stesheni waliiweka porini vile. Sababu ni Kilimatinde. Kabla ya reli, Kilimatinde pale ukingoni juu palikuwa na boma la Wajerumani, na misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora ilikuwa inakatiza Ugogo inalipa hongo (ushuru wa kupita) kwa watemi halafu inaingia Mgunda Mkali, lile pori la miiba lisilo na maji ambalo wapagazi walikuwa wanaliogopa kweli. Reli ilianza Dar 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, kwahiyo hapa kati ilipita kwenye 1910 na 1912 hivi, na Saranda ikawa ndo mlango wa Kilimatinde. Haikukaa sana ikaja vita, mwishoni mwa Julai 1916 jeshi la Waingereza likashika eneo lote hilo, Wajerumani wakirudi nyuma huku wanalipua madaraja. Mpaka leo anayeshuka Saranda na mgonjwa mara nyingi anaenda hospitali ya misheni kulekule Kilimatinde, boma limekwisha kazi ila safari bado ni ileile.

Haya, tiketi. Ukianzia Dar una njia mbili. Unaweza kupanda treni ya zamani moja kwa moja, au unapanda SGR, ile reli mpya ya umeme, mpaka Dodoma (ilianza kufika huko 2024) halafu unaunganisha. Ila usije ukadhani utashuka mlango huu uingie mlango ule. SGR ni geji (upana kati ya reli na reli) ya milimita 1,435, ya zamani ni 1,000, treni haziingiliani kabisa na stesheni zenyewe Dodoma ni mbili tofauti, kwahiyo weka hela ya bajaji na uache masaa ya kutosha katikati. Beba kitambulisho. Na ukikata tiketi taja Saranda kwa sauti, usiseme "Manyoni hukohuko", maana ukipitilizwa utarudi kwa hela yako.

Siku ya treni na saa sikuandikii, ratiba inabadilika, uliza stesheni wiki hiyohiyo unayosafiri. Ukiwa pale pale Saranda mtu wa kumuuliza ni stesheni masta, na kuna namna ya kumuuliza. Usimuulize "treni inakuja saa ngapi", muulize "shikamoo mzee, treni imeshatoka stesheni gani?" Hilo analijua, kwasababu reli ni njia moja, treni haiachiwi mpaka stesheni ya mbele ikubali kuwa njia ni nyeupe, kwahiyo wao wanaongea muda wote. Ndo maana pia unaona treni imekaa tu bila sababu abiria wanaanza kulalamika, kumbe inasubiri ya kutoka bara ije wapishane.

Kama unapandia Saranda kwenda Dar kipindi cha mvua, usiangalie mawingu ya Manyoni, uliza habari za Kilosa na Gulwe. Reli kule inafuatana na mto Mkondoa, na mafuriko ya mwisho wa 2009 yaliing'oa, safari zikakatika miezi. Saranda jua kali, vumbi tupu, na bado treni haiji.

Kupanda kwenyewe sasa. Treni ni ndefu, stesheni ni fupi, kwahiyo behewa lako linaweza kusimama huko mbele kwenye kokoto na ngazi ya kwanza iko juu kiunoni. Mzigo utangulie, mwenzio aupokee dirishani, mama mwenye mtoto asaidiwe kwanza. Ukishuka usiku uwe na tochi na usivuke reli kwa kupita chini ya mabehewa, hata kama wenyeji wanafanya. Ukienda upande wa bara hakikisha upo kwenye behewa sahihi kabla hujalala, maana Tabora mabehewa yanagawanywa, mengine Mwanza mengine Kigoma, nimeona mtu kaamka anaulizia Isaka ya njia ya Mwanza, kumbe yupo njia ya Kaliua, ya Kigoma.

Kuku je? Usinunue kwa wa kwanza aliyekuja mbio, subiri hata dakika mbili, bei inashuka yenyewe. Mkunjue umuone, kuna wengine wamebaki mifupa na pilipili. Halafu chenji, jamani chenji. Mimi niliwahi kutoa noti ya elfu kumi treni ikiwa imeshaanza kuvuta, yule kijana akakimbia sambamba na behewa anahesabu huku anakimbia, akanirushia hela dirishani zote kamili na mimi nikabaki na aibu maana nilishaanza kumtukana kimoyomoyo. Kwahiyo njoo na noti ndogondogo, lipa kwanza, mzaha baadaye, na ukisikia honi mrudishie beseni lake.