Kamati ya kisima: kutoka pendekezo hadi kura

Pendekezo lisilo na bei lisijadiliwe. Anayetaka kamati ibadilishe mabomba ya pampu aandike ukurasa mmoja: tatizo, kazi, bei za mafundi wawili tofauti, na nani atasimamia. Katibu aliingize daftarini kwa namba na tarehe, kisha nakala ibandikwe penye kisima siku 7 kabla ya kikao. Likisomwa mara ya kwanza kikaoni, watu humpigia kura aliyelileta, si kazi yenyewe.

Kamati ya watu 9 iweke akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe waliopo, ya 5. Hesabuni vichwa tena kabla ya kura, maana baada ya chai wawili huwa wameshateleza. Kisha mwenyekiti asome hoja neno kwa neno: "Kamati itumie shilingi 480,000 kununua mabomba 4." Hoja ya "tutengeneze pampu" huzaa ugomvi siku fundi anapodai chake.

Mambo madogo, nyoosheni mikono. Kupanga mstari, kama kwenye uchaguzi wa LC1 (baraza la kijiji nchini Uganda) wa 2018, ni haraka na kila mtu anahesabu, ila jirani humwona jirani. Penye fedha nyingi au kumwondoa mtu, tumieni vikaratasi na kopo. Mwenye undugu na fundi atoke nje. Kura zikilingana, pendekezo limeanguka, isipokuwa katiba yenu inampa mwenyekiti kura ya uamuzi. Mweka hazina asitoe hata shilingi kabla muhtasari haujasainiwa.