Namna ya kuchunguza ujenzi wa dola ukianzia ofisi ya kijiji

Mtafiti wa sayansi ya siasa anayekuja Dodoma kuchunguza ujenzi wa dola huvutwa kwanza na majengo ya wizara kule Mtumba, na si ajabu, maana uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa ni sura kubwa ya historia yetu. Hata hivyo, mimi humshauri kila mwanafunzi anayeniomba mwongozo aanzie ofisi ya kijiji, iwe ya Bahi, Chamwino au Kongwa, kwa sababu hapo ndipo mwananchi anapokutana na dola ana kwa ana: anapofuata barua ya utambulisho, anapogombania mpaka wa shamba, anapotakiwa kuchangia ujenzi wa darasa.

Tenganisha kwanza dola na serikali. Viongozi hubadilika, lakini uwezo wa kuhesabu watu, kutoza kodi, kuamua migogoro na kutiiwa hubaki, na uwezo huo ndio unaouchunguza. Kisha chagua jukumu moja tu, tuseme ardhi au kodi, ulifuatilie kwa miongo kadhaa.

Kuhusu vibali, barua ya chuo chako, au kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pale kinapohitajika, huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka wilayani na kwenye halmashauri, kisha hufika kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Andika barua ilikaa siku ngapi katika kila meza, nani aliigonga muhuri na nani aliuliza nini, kwa kuwa tayari unaziona ngazi za mamlaka zikifanya kazi.

Kabla ya kufungua faili lolote, zijue zama zilizopishana juu ya ardhi hiyo. Wajerumani waliweka maboma Mpwapwa na Kilimatinde. Waingereza wakatawala kupitia watemi. Baada ya uhuru, mwaka 1963, mamlaka ya kichifu yakafutwa. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ndiyo iliyowahamisha Wagogo kutoka kaya zilizotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Zingatia jambo ambalo wengi hulipita: halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, ilhali vijiji vilipewa hadhi ya kisheria mwaka 1975, katikati ya kipindi hicho. Kwa hiyo kijiji kilichoandikishwa wakati huo kilikabiliana moja kwa moja na maofisa wa serikali kuu, bila madiwani wa kukisemea, na alama za hali hiyo bado utazikuta katika mihtasari ya zamani.

Mihtasari hiyo ndiyo hazina yako. Mwombe mtendaji akufungulie kabati, akuoneshe kaunta buku za halmashauri ya kijiji, na usome kila ukurasa, pamoja na orodha ya waliohudhuria na waliotoa udhuru. Angalia nani ametia saini na nani ametia dole gumba. Angalia pia ajenda inayoahirishwa mkutano baada ya mkutano, maana mara nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa na mgogoro.

Kisha nenda kwa wazee. Salimia kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kaa, usiharakishe kutoa daftari, na usiulize miaka. Uliza kama jambo lilitokea kabla au baada ya Operesheni. Jieleze kwa ukweli pia, kwani usuli wa mtafiti huamua atakachoambiwa. Mimi ni mtoto wa mtendaji wa kata, na katika kijiji kimoja mzee aliyemfahamu baba yangu alinijibu siku nzima kwamba serikali imewasaidia sana, basi. Niliporudi mara ya tatu ndipo alipotoa kopo la bati lenye stakabadhi za kodi ya maendeleo, zimekunjwa kwa nne, wino umefifia. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Nilipomuuliza kwa nini bado anazitunza, alinijibu kwa swali: "Wakirudi je?" Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu kodi na utii, lakini swali lile ndilo lililonilazimu kuiandika upya sura yangu ya tatu. Nawe eleza wazi katika ripoti yako wewe ni mtoto wa nani kwa maana hiyo, na ni milango ipi ilifunguka au kufungwa kwa sababu hiyo.

Mwisho wa kazi, omba nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu, usome matokeo kwa lugha wanayoielewa na usahihishwe palepale. Masahihisho hayo yaingize kwenye ripoti, na nakala moja uiache ofisini ipewe namba ya faili.