Jinsi ya kufanya wana wasiikimbie gildi yako Albion Online, hatua kwa hatua

Hii naiandika kwa sababu kuna dogo ana gildi yake (kundi la wachezaji wanaocheza pamoja) kwenye gemu ya Albion, kila mwezi anaingiza watu wapya na kila mwezi wanayeyuka, akanifuata kuniuliza atoe zawadi gani ili wabaki. Nikamwambia zawadi weka pembeni kwanza. Angalia wale waliopotea, wengi siku yao ya mwisho walikufa, wakavuliwa kila kitu, wakarudi mjini watupu na hakuna aliyewauliza kitu. Tukaipanga gildi upya mimi na yeye, na hizi ndo hatua.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa: ni gemu ya Wajerumani, Sandbox Interactive wa Berlin, ilitoka rasmi 2017, ikawa ya bure 2019, ikaja kwenye simu 2021 na hapo ndo wengi wetu huku tulipoingia. Karibu kila silaha na nguo unayoiona kaitengeneza mchezaji mwenzio. Maeneo ya bluu mchezaji hawezi kukuua, ya njano anakuangusha tu unaamka, ila ya nyekundu na nyeusi akikuua anabeba ulichovaa na ulichobeba, na baadhi ya vitu vinaharibika hapo hapo hata yeye havipati. Gemu nzima inaendeshwa na hicho kitu, utamu wake na machungu yake vyote vinatoka hapo.

Kuunda gildi na kualika watu sielezi, vitufe vipo utaviona.

Hatua ya 1: Jua kila mtu amefuata nini

Richard Bartle, mmoja wa wale wawili waliotengeneza MUD ya kwanza (gemu ya maandishi ya watu wengi mtandaoni) pale chuo cha Essex Uingereza, mwaka 1996 aliwagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuchungulia dunia, waliofuata watu, na wanaopenda kuwasumbua wenzao. Miaka kumi baadaye Nick Yee akahoji wachezaji kama 3,000 akaja na makundi makubwa matatu, mafanikio, watu, na kuzama kwenye ile dunia, na akaonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na yote kwa pamoja. Mimi namfuata Yee, yale mafungu manne ya Bartle watu wanayageuza kama nyota, "mimi ni wa fungu fulani", afu wiki ijayo anafanya kitu kingine kabisa.

Kwahiyo usimuulize mtu anapenda nini, kila mtu atakwambia anapenda vita. Muulize jana alifanya nini alipoingia mwenyewe bila kuitwa. Aliyekaa anachimba madini masaa mawili huku anapiga stori kwenye chati, huyo amefuata watu na utulivu, ukimburuta kwenye vita kila siku unampoteza. Aliyeingia Mists (eneo la kupigana peke yako au wawili) peke yake akafa akarudi tena, huyo mpe vita. Aliyekaa sokoni Caerleon (mji wa ndani ya gemu) analinganisha bei, huyo usimwache aende popote, utamhitaji hatua ya 4.

Andika majina na hayo majibu kwenye Google Sheets. Zipo boti za kila aina za kutunza hayo kwenye Discord (app ya chati na sauti), mimi sizipendi, mwenye boti akiacha kuilipia kumbukumbu zenu zinaenda naye.

Hatua ya 2: Seva moja, sauti nyepesi

Seva ziko tatu, ya Marekani, ya Asia iliyofunguliwa 2023 na ya Ulaya iliyofunguliwa Aprili 2024. Kila moja ni dunia yake, mhusika wako hahami. Kwa laini nyingi za huku ya Ulaya ndo inajibu haraka, ila pimeni kwanza kabla watu hawajapandisha levo, maana ukija kugundua baadaye nusu ya wana watakataa kuanza upya na wana haki.

Sauti tumia Discord, WhatsApp baki nayo kwa matangazo tu. Chumba cha sauti cha Discord kinakuja na kilobiti 64 kwa sekunde, hiyo ni kama MB 29 kwa saa kwa sauti moja inayoongea mfululizo, na wakiongea watano kwa mpigo inapanda. Ingia kwenye mipangilio ya chumba ishushe mpaka 24 au hata chini yake, kwa kuongea tu inatosha kabisa, na walazimishe wote watumie kubonyeza ndo uongee. Bando la mwana likiisha katikati ya vita umepoteza mponyaji.

Hatua ya 3: Andika saa kwa UTC, basi

Saa ya ndani ya gemu ni UTC, ile saa moja ya dunia nzima. Ukitangaza "saa tatu usiku" na gildi ina watu wa Dar na Nairobi, wa Bujumbura na Goma, na mmoja yuko Muscat, umeshaharibu. 18:00 UTC ni saa 3 usiku Dar, Nairobi na Kampala, ni saa 2 usiku Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi, na ni saa 4 usiku Oman. Andika 18:00 UTC kila mara, au tumia ile alama ya muda ya Discord inayojigeuza yenyewe kufuata saa ya simu ya kila mtu. Mtu aliyekuja saa nzima kabla akakuta kimya mara mbili, mara ya tatu haji.

Hatua ya 4: Rigia, yaani kumvisha upya aliyekufa

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo tulipomaliza usiku kucha na yule dogo kwa hiyo soma taratibu.

Wazo ni rahisi: mtu akifa kwenye safari ya gildi, gildi inamvisha. Kifo kikiwa cha wote mtu anacheka, kikiwa cha kwake peke yake anazima simu. Kugumu ni kuendesha huo mfuko bila kufilisika na bila kugombana.

Kwanza mavazi. Usirudishe kile mtu alichofia, utakutana na jamaa kavaa T8 (daraja la juu kabisa la vifaa) kwa sifa zake afu anataka gildi ilipe. Mnapanga seti za gildi, kila nafasi na seti yake: mbeba kipigo, mponyaji, wapigaji, wa kusaidia. Aliyevaa seti anavishwa seti ile ile, aliyevaa vingine kwa kujua kwake atajijua.

Kwenye kupanga seti kuna kitu wageni wengi hawakijui. Nguvu ya msingi ya kifaa inaanza 700 kwa T4, inaongezeka 100 kwa kila daraja, na inaongezeka 100 nyingine kwa kila kiwango cha uchawi, ile namba inayokuja baada ya nukta. Maana yake 4.3, 5.2, 6.1 na 7.0 zote ni 1000. Bei zake sasa hazifanani, leo 5.2 iko chini, kesho 6.1, kwahiyo yule mtu wako wa sokoni anaangalia zote nne ananunua iliyo chini, na anaweka oda ya kununua anasubiri, hachukui ya papo kwa papo. Madaraja ya juu yana kaziada kwa aliyebobea kwenye silaha hiyo, kwa wageni hakaonekani.

Na zaidi ya bei: kuvaa T7 lazima uwe umeifungua kwenye Destiny Board (ramani ya ujuzi wako ndani ya gemu), kazi ya muda mrefu. Kuvaa 4.3 unahitaji T4 tu, ile nukta haina kufungua. Sasa hapo mgeni ambaye ana wiki mbili anasimama kwenye mstari mmoja na wazee, anapiga, anaonekana. Usimwambie mgeni akasote miezi mitatu peke yake ndo aje vitani. Hicho ndo kinaua hamu kuliko kufa kwenyewe. RuneScape, gemu nyingine, pale kufika levo 92 ni nusu tu ya safari ya kwenda 99 na watu wanasota, sawa, ila ile wamejichagulia, hapa mgeni amekuja kwa ajili yenu.

Pili, lipa kwa vitu, usilipe kwa silva, yaani pesa ya gemu. Ukimpa silva anakwenda kununua mbuzi wa kufuga kwenye kisiwa chake cha ndani ya gemu, kesho anakuja vitani hana nguo. Seti zikae tayari kwenye sanduku la gildi, na kila mtu ahifadhi ile seti kwenye Loadouts zake (orodha ya mavazi uliyoipanga kabla) ili akifa aguse mara moja avae, kwenye simu hii inaokoa muda sana, kuburuta kipande kimoja kimoja na kidole wakati wenzio wanakusubiri getini ni mateso. Ruhusa ya kutoa kwenye sanduku wape maofisa wawili watatu tu, na kumbukumbu ya sanduku inaonyesha nani katoa nini, isomwe kila wiki hata kama mnaaminiana. Hasa kama mnaaminiana.

Tatu, ushahidi. Killboard ya gemu, ukurasa wa kumbukumbu za vifo, iko wazi, inaonyesha mtu alikufa saa ngapi UTC na kavaa nini, kwahiyo anayedai analeta kiungo cha kifo chake, ofisa analinganisha na muda wa safari na seti. Dai liletwe ndani ya siku moja. Kufa kwenye mambo yako binafsi hakulipwi, hata uje unalia.

Nne, na hapa tulibishana sana, aliyekatikiwa na mtandao. Umeme umekata, bando limeisha, simu imepata moto ikajizima. Killboard haitakwambia chochote, itaonyesha mtu kasimama kauliwa. Wengine wanasema asilipwe maana kila mtu atasingizia mtandao. Mimi nasema alipwe yote, tena haraka, maana huyu ndo yuko karibu kuacha kuliko wote, amepoteza bila hata kupigana. Na kuna namna ya kumpima bila kumhoji kama polisi: sauti na gemu viko kwenye simu moja, intaneti ikikatika kweli anadondoka na kwenye chumba cha Discord muda ule ule. Akifa kwa "mtandao" huku sauti yake inaendelea kutucheka, hapo tunaongea. Isipokuwa anayechezea kompyuta na sauti kaiweka kwenye simu, kwa huyo mbinu haifanyi kazi, mwamini tu mara ya kwanza.

Tano, anayeongoza vita asiwe mtunza mfuko. Akiongoza vibaya mkafa wote afu yeye huyo huyo ndo anaamua nani avishwe, maneno hayaishi.

Hatua ya 5: Kugawana mzigo

Vyote vinaingia sanduku moja, muuzaji mmoja. Tuseme mmeuza kwa silva 2,000,000. Toa gharama za matengenezo 150,000, inabaki 1,850,000. Asilimia 20 ya mfuko wa rigia ni 370,000, inabaki 1,480,000, watu watano kila mmoja 296,000. Mponyaji anapata sawa na mpigaji, hilo halijadiliwi. Bei ya makadirio inayoonyeshwa kwenye kifaa usigawie nayo, subiri kiuzwe. Picha ya hesabu tupia kwenye kundi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Usitoze faini

Yule dogo alikuwa na faini kwa asiyekuja. World of Warcraft, gemu nyingine, ikiwa bado kwenye majaribio, kabla haijatoka 2004, walijaribu kupunguza pointi za uzoefu anazopata mtu aliyecheza muda mrefu, wachezaji wakachukia. Wakageuza maneno: aliyepumzika anapata bonasi, akicheza sana anarudi kwenye kawaida. Mambo yale yale, malalamiko yakaisha. Kwahiyo futa faini, aliyekuja mara tatu kwa wiki mpe nafasi ya kwanza kwenye seti nzuri. Asiyekuja hajapoteza kitu, na mtu mwenye shifti za usiku au mtihani hana sababu ya kukukimbia.

Hatua ya 7: Gawa kazi

Mtu mwenye jina la kazi haondoki kirahisi. Mmoja soko, mmoja kuwafundisha wageni, mmoja wa kusafirisha, mmoja wa kisiwa cha gildi. Vyeo vitupu usigawe, wanajua.

Hatua ya 8: Akiondoka

Gildi inabeba mpaka watu 300, ya kwenu ina arobaini, kwahiyo kumfuta mtu kwa sababu hajaingia mwezi mzima ni roho mbaya tu. Mwache kwenye orodha. Mtumie ujumbe mmoja usiomdai kitu, kama "sanduku lina seti yako ya uponyaji, iko pale pale", na kweli uiache pale. Usimuulize anarudi lini.