Kabla hujatoboa buti la gari la zamani

Wewe mwenye spoti ya zamani hapa Mwanza, fundi asikutobolee buti kufunga spoila, lile bawa la nyuma, kabla hujatafakari. Kazi ya spoila ni kuzuia upepo usinyanyue mkia wa gari kwenye mwendo mkali. Ndiyo maana Porsche waliiweka kwenye 911 Carrera RS ya 1973, ile ya mkia wa bata. Igoma hadi mjini, kwa kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, haikusaidii kitu.

Kutu ya kwenye matundu ya skrubu ndiyo inayoniuma. Nilifungua skrubu moja ya spoila: rangi imevimba kama andazi, na bisibisi ikapenya bati bila nguvu.

Spoila ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, usiing'oe. Ukiitaka kwa sura tu, ibandike kwa tepu ya gundi pande mbili, kisha uizoee mwezi mzima kabla ya kuamua kutoboa.