Kuunganisha Nyumba au Ofisi na Intaneti: Kagua Njia Kipande kwa Kipande

Mtu akiniambia kwamba intaneti ya nyumbani kwake inasuasua, humuuliza kwanza ni kipande gani cha njia kinachosuasua, na mara nyingi hujibu kwa kunitajia kifurushi anacholipia. Kifurushi ni sehemu moja tu ya safari. Picha unayoifungua kwenye simu huwa imetoka kwenye seva, ikapita katika mkongo wa baharini au wa nchi kavu, ikafika kituo cha mtoa huduma, ikashuka kwenye nguzo ya mtaani, ikaingia ndani kwa waya au kwa mawimbi, na mwishowe ikavuka ukuta wa sebule kwa Wi-Fi. Ukijua mahali kila kipande kinapoanzia na kinapoishia, utaweza kuchagua huduma inayokufaa, kumsimamia fundi anayekuja kuifunga, na kutambua tatizo liko wapi kabla hujashawishika kulipia kasi ya juu zaidi.

Anza kwa kuchunguza ni njia gani zinazofika hapo ulipo. Pale ambapo faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha data kwa mwanga, imeshafika kwenye nguzo ya karibu, ichukue hiyo, kwa sababu haisumbuliwi na mvua wala na wingi wa simu zilizo kwenye mnara mmoja. Kabla hujasaini, pita kwa jirani anayetumia huduma hiyohiyo umuulize hali inakuwaje saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha televisheni na watoto wameshika simu. Jibu lake lina uzito kuliko bango lolote la matangazo, maana faiba za majumbani kwa kawaida hugawanywa: katika mfumo wa GPON, uzi mmoja unaotoka kituoni huweza kuhudumia nyumba 32 au hata 64, zote zikigawana takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kupakua.

Pasipo na faiba, ruta ya laini ya simu hufanya kazi vizuri ikiwekwa mahali panapostahili. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, utafute kipimo cha nguvu za mawimbi kiitwacho RSRP, kisha tembea na ruta chumba hadi chumba ukiandika namba unazoziona. Namba hizo huwa hasi, kwa kizio kiitwacho dBm, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kipimo cha −85 dBm ni kizuri, ilhali kikishuka kupita −110 utakuwa unalipia usumbufu. Dirisha linaloelekea mnarani mara nyingi hushinda katikati ya nyumba, na kama paa la mabati linaziba mawimbi, antena ya nje itasaidia kuliko kubadilisha kifurushi.

Setilaiti iwe chaguo la mahali ambapo hayo mawili yameshindikana. Zile za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa umbali huo ujumbe huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, jambo linalofanya mazungumzo ya video yawe ya kukatishana kauli. Zile za chini, kama za Starlink iliyoanza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, na ucheleweshaji wake ni mdogo mno. Hata hivyo, sahani yake inataka anga jeupe, kwa hiyo mwembe mmoja uwanjani unatosha kukukatia mawasiliano kila baada ya dakika chache. Hakikisha pia kwamba mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, yaani TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, imeipa huduma hiyo leseni kabla hujanunua kifaa.

Siku fundi wa faiba anapokuja, kaa naye. Kiini cha kioo kinachopitisha mwanga ndani ya waya ule kina upana wa mikroni 9 hivi, chembamba mara nyingi kuliko unywele, na chembe moja ya vumbi kwenye ncha yake inatosha kupunguza mwanga. Ndiyo maana fundi makini hufuta ncha kabla ya kuichomeka, na hachanganyi kiunganishi cha kijani na cha buluu: cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8 na cha buluu ni bapa, hivyo vikikutana haviwezi kugusana sawasawa. Usimruhusu akunje waya kwenye kona kali wala kuubana kwa msumari. Akimaliza, mwombe akuonyeshe kiwango cha mwanga kinachopokelewa, kisha kiandike kwenye karatasi pamoja na tarehe. Kwa kawaida kifaa cha faiba kinachofungwa nyumbani hufanya kazi kati ya −8 na −27 dBm. Ikiwa siku ya kwanza kilikuwa −19 na miezi sita baadaye kimefika −26, basi pana waya uliokunjwa au kiunganishi kilichochafuka, na hutahitaji kubishana na mtu yeyote katika kitengo cha huduma kwa wateja.

Nilijifunza umuhimu wa karatasi hiyo nyumbani kwangu. Taa iliyoandikwa LOS ilikuwa ikiwaka nyekundu kila jioni na kuzimika asubuhi, nami nikawa nazima na kuwasha ruta kama mtu anayepiga bao, mpaka nilipogundua kwamba waya uliingia kupitia dirishani, na kila nilipofunga dirisha kwa ajili ya mbu niliubana. LOS nyekundu maana yake ni kwamba mwanga haufiki, na mwanga usipofika, kuzima na kuwasha hakusaidii kitu. Kagua waya ndani ya nyumba, na ukiuona mzima, piga simu.

Baada ya hapo pima kasi kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, kwa sababu kipimo cha Wi-Fi hupima na kuta zako pia. Kumbuka kwamba vifurushi huuzwa kwa megabiti ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 kikishusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, hujaibiwa. Ikiwa kwa waya unapata kasi kamili na chumbani unapata robo yake, tatizo ni Wi-Fi. Itoe ruta nyuma ya televisheni, iweke juu na katikati ya nyumba. Tumia mawimbi ya 5 GHz kwa vifaa vilivyo karibu, na 2.4 GHz kwa vilivyo mbali. Katika majengo ya ghorofa, kwa mawimbi ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11 kutegemea ipi haijajaa majirani. Badilisha pia neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio, maana lile lililobandikwa chini ya ruta limeshasomwa na kila mgeni aliyeketi sebuleni.

Umeme nao una sehemu yake. Vigawanya mwanga vya GPON vilivyoko mtaani havitumii umeme, hivyo mtaa ukiwa gizani faiba huendelea kupitisha mwanga iwapo kituo cha mtoa huduma kina nishati. Betri ndogo ya volti 12 inayolisha kifaa cha faiba na ruta, ilimradi volti zake zilingane na zilizoandikwa kwenye vifaa hivyo, itakuvusha saa kadhaa.

Kwa ofisi, shule au zahanati, hesabu hubadilika. Soma kwenye mkataba kasi ya kupakia, si ya kupakua pekee, kwa kuwa mikutano ya video na nakala za akiba hutumia njia ya kwenda juu. Uliza kama kasi hiyo ni yenu peke yenu au mnagawana na wengine. Ahadi ya upatikanaji wa asilimia 99 inaonekana nono, lakini katika mwezi wa siku 30 inaruhusu zaidi ya saa 7 za kukatika, na zote zinaweza kuangukia Jumatatu asubuhi. Tenganisha mtandao wa wageni na ule wa hesabu na kumbukumbu. Kama mnataka kuona kamera za ofisi mkiwa mbali, ulizeni kama mtapewa anwani ya IP ya umma isiyobadilika, yaani namba yenu wenyewe ya kufikiwa kwenye intaneti, kwani anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127 huonyesha kwamba mmewekwa nyuma ya anwani mnayogawana na wateja wengine. Na hata mkiipata, pitieni VPN, yaani njia iliyofichwa kwa msimbo ndani ya intaneti, badala ya kuzianika kamera hadharani.

Taasisi inayotegemea intaneti kwa kazi zake inahitaji njia mbili, na hapa ndipo wengi hulipa mara mbili kwa kitu kimoja. Kampuni mbili zinaweza kupitisha nyaya kwenye nguzo ileile, na lori moja likaziangusha zote. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja baharini kaskazini mwa Durban, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Siku hiyo kuwa na watoa huduma wawili hakukumfaa yule ambaye wote wawili walitegemea mikongo hiyo. Kwa hiyo mwulizeni kila mmoja, kwa maandishi, waya wake unapita mtaa gani na data zake zinatoka nchini kwa mkongo upi. Kisha chagueni Jumamosi moja yenye kazi chache, chomoeni waya wa faiba kwa makusudi, na mhesabu ni dakika ngapi zinapita kabla mhasibu hajaweza tena kutuma malipo kupitia njia ya pili.