Somo: Gari linachemsha? Pima kabla hedi haijashushwa

Gari likichemsha mara mbili tu, kwenye gereji nyingi hukumu hutolewa boneti ikiwa bado wazi: gasketi ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) imeungua, tushushe. Huenda ni kweli. Lakini nimeona hedi nyingi zikishushwa kumbe tatizo ni mfuniko wa rejeta uliochoka au feni isiyozunguka. Vipimo vifuatavyo ni vya injini za petroli zenye hedi ya aluminiamu, mfano 1NZ iliyomo kwenye IST na Probox.

Gasketi hukaa kati ya bloku na hedi, ikitenganisha vitu vitatu: moto wa silinda, maji na oili. Dalili hutegemea ukuta upi umevunjika. Ndiyo maana gari moja hutoa moshi mweupe, na lingine halitoi moshi wala halichafui oili, bali linatapisha maji tu.

1. Anza asubuhi, injini ikiwa baridi. Usifungue rejeta ya moto hata kwa kitambaa. Mfuniko unashikilia presha ya takriban bar 1, hivyo maji yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua, yanalipuka usoni. Angalia kiwango cha maji, kisha tafuta michirizi mikavu kwenye mipira, kwenye wota pampu, na chini ya kapeti upande wa abiria kunakopita hita. Maji yakipungua na hakuna panapovuja, hapo sasa una sababu ya kushuku.

2. Oili. Chomoa stiki ya kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki ni habari mbaya, usiwashe tena. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi. Magari ya safari fupi za mjini huwa nao kwa sababu ya unyevu usiopata muda wa kukauka.

3. Mapovu. Mimi hukiamini kipimo hiki kuliko vingine vyote vya bure. Jaza maji hadi mdomoni mwa rejeta, acha mfuniko wazi, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa, yapuuze. Yakiendelea mfululizo, na yakaongezeka mwenzako anapokanyaga mafuta, hiyo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Zima na uache injini ipoe. Kisha funga mfuniko, washa na uminye mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, wakati injini haijapata joto, jiulize presha hiyo imetoka wapi.

4. Moshi. Wa kushuku ni mweupe, mzito, unaoendelea hata injini ikipata joto. Njombe mwezi wa 7 kila gari hutoa moshi asubuhi, kwa hiyo subiri. Harufu tamu utaipata ukiwa unatumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta. Kama umejaza maji ya bomba usiitegemee.

5. Plagi na kompresheni. Toa plagi zote, zipange kwa mfuatano wa silinda. Moja ikiwa safi kama iliyooshwa huku wenzake wana rangi ya udongo, silinda hiyo inakunywa maji. Kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inajenga, ikiwa chini kwenye silinda mbili jirani, ukuta kati yake huenda umekatika.

6. Dawa ya bluu. Kuna kifaa kinachokaa mdomoni mwa rejeta, ndani yake dawa ya bluu. Hewa ya rejeta ikipita na dawa ikageuka njano, kuna gesi ya moto kwenye maji. Punguza maji kwanza yasinyonywe ndani.

Mimi hukubali hedi ishushwe vipimo viwili vinapokubaliana. Kimoja peke yake hakitoshi, isipokuwa oili imeshachanganyika na maji.

MASWALI

Mkuu, yangu inachemsha nikipanda Kitonga tu. Tambarare haina shida.
Kitonga unatambaa nyuma ya malori, injini inabeba mzigo na upepo hakuna. Anza na feni, halafu rejeta: mapezi yaliyojaa vumbi na njia zilizoziba ndani. Vikiwa sawa, piga kipimo cha 6 mara tu baada ya kupanda, kwani gasketi inayoanza kufa huvujisha ikiwa na mzigo. Shida ni kwamba rejeta itakuwa ya moto, hivyo muachie fundi.

Fundi alitoa themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto), sasa haichemshi. Niendelee tu?
Hapana, kaka. Injini sasa inachelewa kupata joto, inakula mafuta, na dalili imefichwa tu. Irudishe ndipo upime.

Kwenye rejeta kuna uji wa rangi ya waridi, ila stiki ya injini ni safi kabisa.
Gari ni otomatiki? Oili ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta hiyohiyo. Kipoozi kikitoboka, maji na oili hiyo vinachanganyika, na gasketi haihusiki kabisa. Usiliendeshe, maji yanaua klachi za giaboksi. Livutwe.

Vipi zile dawa za kumwaga kwenye rejeta zizibe?
Za kukufikisha nyumbani ukiwa umekwama porini. Huwa zinaziba na hita na rejeta pia, halafu unatengeneza vitu viwili.

Hedi ikishushwa, lazima ichongwe?
Ipimwe kwanza kwa rula nyoofu na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), mbele yako. Kwa 1NZ kikomo cha kupinda ni milimita 0.05. Ikizidi, ichongwe, na ipimwe nyufa kwa presha. Gasketi iwe mpya, bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua za mtengenezaji, na umuulize fundi ni nini kilichochemsha gari mara ya kwanza. Akikosa jibu, usifunge bado.