Unapotaka kumtolea ndugu yako figo: hatua za kufuata ukiwa Dar es Salaam

Tangu Novemba 2017, ilipofanyika operesheni ya kwanza ya kupandikiza figo nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka uliofuata huduma hiyo ilipoanza katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, familia yenye mgonjwa wa figo haina tena ulazima wa kuwaza safari ya India. Hata hivyo, madaktari bingwa na chumba cha upasuaji peke yake havitoshi, kwa kuwa figo lazima itoke kwa mtu, na kwa utaratibu wetu mtu huyo ni ndugu aliye hai. Maelekezo haya ni ya ndugu huyo, ambaye husahaulika kwa urahisi kwa sababu macho yote yapo kwa mgonjwa.

Uamuzi wa kutoa figo ni wako, nao usifanywe na kikao cha familia. Kikao kinafaa kueleza hali ya mgonjwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa takribani saa nne kila mara, na kinafaa kupanga fedha. Hakifai kumteua mtoaji. Si ajabu katika vikao hivyo wazee kumgeukia kijana asiye na kazi wala mke, kana kwamba mwili wake una thamani ndogo kuliko wa kaka yake aliyeajiriwa. Ikiwa ni wewe uliyetajwa, omba muda wa kufikiri, na utakapofika kliniki omba kuzungumza na daktari pamoja na afisa ustawi wa jamii ukiwa peke yako. Una haki ya kujitoa wakati wowote, hata asubuhi ya upasuaji, na daktari anaweza kuieleza familia kwamba hufai kuwa mtoaji bila kutaja sababu. Usikubali pia kulipwa kwa ajili ya figo yenyewe. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 linapinga biashara ya viungo, lakini halikatazi mtoaji kurudishiwa nauli, gharama za matibabu na kipato alichopoteza, nami naona ni haki familia izibebe gharama hizo.

Vipimo huanza na kundi la damu. Mwenye kundi O anaweza kumtolea mtu wa kundi lolote, mwenye AB anaweza kupokea kutoka kundi lolote, na alama ya chanya au hasi haina uzito katika figo. Hufuata vipimo vya kisukari, shinikizo la damu, VVU, homa ya ini na kreatinini, yaani taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, kisha kulinganisha tishu, yaani kuona alama za kinga za mwili wako zinafanana kiasi gani na za mgonjwa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana uwezekano wa asilimia 25 wa kufanana kikamilifu, ilhali mzazi na mtoto hufanana nusu. Baadaye damu yako huchanganywa na ya mgonjwa ili kuona kama kinga yake itaishambulia figo yako. Mwanamke aliyewahi kubeba mimba, au mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi, anaweza kuwa na kinga za namna hiyo, na ndiyo maana hutokea figo ya mume ikakataliwa na mwili wa mke aliyemzalia.

Kipimo kinachoharibika kwa urahisi ni cha mkojo wa saa 24, kwa sababu unaukusanya mwenyewe nyumbani. Ukiamka, mkojo wa kwanza unaumwaga na kuandika saa. Kuanzia hapo mkojo wote unaingia kwenye kidumu ulichopewa, pamoja na mkojo wa kwanza wa kesho yake saa ileile. Kwa joto la Dar es Salaam, kihifadhi kwenye jokofu au mahali penye ubaridi. Ukisahau hata mara moja, mweleze mtaalamu wa maabara ili urudie, maana mkojo pungufu hutoa picha isiyo sahihi ya uwezo wa figo zako. Taja vilevile dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Mwisho hupigwa picha ya CT-Scan inayoonyesha mishipa. Mara nyingi huchaguliwa figo ya kushoto kwa sababu mshipa wake wa vena ni mrefu zaidi.

Uliza hatari waziwazi. Takwimu za Marekani zinaonyesha vifo takribani 3 kwa kila watoaji 10,000 ndani ya siku 90 baada ya upasuaji. Uwezekano wa figo iliyobaki kushindwa kabisa kazi katika maisha yote ulikadiriwa huko kuwa watu 90 kati ya 10,000, dhidi ya 14 kwa watu wenye afya kama hiyo ambao hawakutoa. Ni hatari ndogo, lakini ipo. Kwa upande mwingine, figo inayobaki hupanuka na kufikia takribani asilimia 70 ya uwezo wa zote mbili, na Ronald Herrick, aliyemtolea pacha wake figo mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, aliishi hadi mwaka 2010.

Kabla ya kulazwa, uliza bima inalipia nini kwa upande wako, si kwa mgonjwa tu, na upate jibu kwa maandishi. Utakaa wodini siku chache, kisha kwa takribani wiki sita hutaruhusiwa kubeba mizigo mizito. Kwa kuli wa Kariakoo, dereva wa bodaboda au mama lishe anayeinua masufuria, wiki hizo ni kodi ya nyumba na chakula cha watoto. Mkubaliane mapema nani atabeba gharama hizo, na nani atachota maji.

Baada ya hapo, pima shinikizo la damu, kreatinini na protini kwenye mkojo kila mwaka. Usinunue kiholela dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni katika duka la dawa, kwa kuwa zinaweza kuumiza figo. Mwanamke asubiri angalau miezi sita, ikiwezekana mwaka, kabla ya kushika mimba, na siku ya kwanza ya kliniki ya wajawazito amwambie mkunga kwamba ana figo moja, kwa sababu hatari ya kifafa cha mimba kwake imeongezeka na shinikizo lake linahitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi.